Sikio la Neema

Jumanne, Januari 1996

Eti kichwa kikubwa. Mwalimu wa darasa la kwanza kamwambia Neema apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili, vidole vikaishia kwenye nywele. "Mama Neema, huyu bado. Mrudishe mwakani."

Mtoto anahesabu mafungu yangu ya dagaa pale sokoni Mwaloni bila kukosea, lakini shule inataka mkono mrefu. Wa jirani kapokelewa, na hata jina la baba yake halijui. Ana mikono kama makasia, basi.

Nimerudi nyumbani nikikilaani kichwa cha ukoo wa mume wangu. Yeye tangu kiwanda kimpunguze kazi anashinda na Neema tu, wanapika, wanacheza bao. Nilipomweleza akasema pole, huku anatabasamu.

Jioni nikimwogesha mtoto, naona anasugua sikio la kushoto kwa mkono wa kulia, umepita juu ya kichwa. Kalishika lote.

"Neema, na asubuhi je?"

"Nikienda shule, baba atabaki na nani?"

Nikamwambia baba ni mtu mzima, atazoea. Sina uhakika.