Utani wa msibani unanipeleka Kilimanjaro

Mpendwa dada Veneranda, shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi basi tusalimiane tu, maana nimekaa nimeshika tama na nahitaji mtu wa kuniambia ukweli. Mimi ni Mnyamwezi wa hapa Tabora, mwalimu mstaafu, na miaka yote ya kazi nilikuwa na mtani wangu Mwamvita, Mzaramo aliyeletwa kufundisha huku akaolewa akabaki, na kila Jumamosi tulitembea ile njia ya zamani ya misafara mpaka Kwihara, yeye ananitwika mkoba wake, ananiambia beba, mpagazi, ndiyo kazi ya babu yako, nami namjibu kwamba babu yake alikuwa amekaa pwani anakula nazi, anangoja babu yangu amletee pembe za ndovu, basi tunacheka mpaka tunakaa chini, na ukiniuliza siku njema za maisha yangu nitakutajia hizo.

Mwaka jana Mwamvita alifariki. Msibani nilifanya kazi ya mtani, nikavaa kanga zake, nikaiga mwendo wake wa kujivuta, nikaziba mlango jeneza lisitoke, na katika kelele zile nikatamba kwamba Mzaramo amechoka mapema, mimi Mnyamwezi nitapanda Kilimanjaro. Watu walicheka huku wanalia. Kumbe binti yake Mwajabu, anayeishi Dar, alilichukua neno lile kama ahadi kwa mama yake, na sasa ametafuta kampuni ya kutupandisha, akachagua safari fupi kuliko zote, eti mama Paskazia ni mtembezi wa asili. Dada, goti langu linavimba, ngazi za kanisani napumzika katikati nikihema, lakini nikisema siwezi nitamvunja moyo mtoto aliyefiwa, na Mnyamwezi kushindwa kutembea ni aibu. Nifanyeje?

Paskazia, Kitete

*

Mama Paskazia, pole sana. Aliyezoea kukutania akiondoka, nyumba inapoa, hilo nalijua.

Lakini mwalimu mzima unadanganywa na sifa za babu? Babu yako alianza kubeba mizigo angali kijana. Wewe umebeba chaki. Tena huko mlimani safari fupi ndiyo ngumu, kwa sababu unapanda haraka na hewa inapungua kabla mwili haujazoea. Hata vijana wenye misuli wanashushwa kwa machela.

Anza na daktari, akuangalie goti na hiyo pumzi. Akikuruhusu, nenda Kwihara na kurudi Jumamosi, halafu rudia Jumapili baada ya misa. Kutembea siku moja si kipimo, kipimo ni kuamka kesho yake ukatembea tena. Ukiona Jumapili unashikilia kitanda, Kilimanjaro umeshajibiwa.

Bado kuna milima ya saizi yako. Usambara, kutoka Lushoto kuelekea Mtae, watu wanatembea siku kadhaa na mwongozaji, wanalala vijijini, na barabara haiko mbali ukizidiwa. Mwulize mwongozaji tunatembea saa ngapi kwa siku, nani anabeba mizigo, na nikishindwa katikati nani anarudi nami. Akilicheka hilo la mwisho, tafuta mwingine.

Sasa Mwajabu. Hapo ndipo umenikera. Unamficha goti kama vile ni mkweo, na wewe unajua utani unarithiwa. Yule ni Mzaramo, ni mtani wako kama mama yake alivyokuwa. Maneno ya mtani msibani si kiapo, na binti wa Mwamvita hawezi kukosa kulijua hilo ukimkumbusha. Mpigie simu leo, usizunguke, mwambie: "Mwajabu, Mnyamwezi kashindwa." Atakucheka, atakuita mpagazi mbovu, atawasimulia na nduguze. Mwache akucheke, mama. Mwaka mzima umekaa bila mtu wa kukucheka, na ndiyo maana ulikuwa tayari kujiua mlimani.