Kuku wa Ruhusa

Kimara, Dar es Salaam
13 Februari 2024

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii inakukuta salama na goti limepungua kuuma. Mimi mwili ni mzima. Dorika, binti wa shangazi yangu aliyenipokea hapa Kimara, anakusalimu. Bahasha nimempa kondakta wa basi la Kiomboi, ataiacha dukani kwa Gasto pale stendi. Simu wewe mwenyewe ulisema tangu mashine ya alizeti ikuharibie masikio ni kubishana na upepo. Na haya ninayoandika, Baba, kwa mdomo nisingeweza kukuambia.

Jana nilihojiwa ubalozini kwa ajili ya viza ya kumfuata Derick ng'ambo. Nilikuwa na kila karatasi: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa, cha polisi cha alama za vidole, majibu ya daktari, na picha zetu na Derick tangu uchumba. Nikaapa kwa kunyoosha mkono. Afisa alikuwa nyuma ya kioo, na mama mmoja akitafsiri. Aliniuliza tulikutana wapi na Derick, nani alikuja kuposa, Derick anafanya kazi gani kule. Nilijibu vizuri. Halafu akauliza, "Unaishi na nani sasa?" Nikasema naishi kwa baba mkwe wangu, tangu mume wangu aondoke. Akauliza, "Anaitwa nani?"

Baba, nilinyamaza. Akarudia. Nikasema ni Baba. Akasema anataka jina. Nilitazama chini. Nilipopata akili ya kumweleza kwamba kwetu mke hataji jina la baba wa mume wake, alikuwa ameshaandika, na kwa kuwa nilinyamaza kwanza, maelezo yangu yakaja kama ya kutunga. Akasema mtu hawezi kukaa nyumba moja na mzee miaka mitatu asijue jina lake. Nimepewa karatasi kwamba ndoa yetu ina mashaka. Nilete ushahidi zaidi, nisubiri kuitwa tena.

Nimechoka, Baba. Nisamehe kwa kukuletea hili.

Mkwe wako,
Agripina


Kiomboi
25 Februari 2024

Mwanangu Agripina,

Marahaba. Barua imefika, ingawa Gasto aliilaza kwenye gunia la sukari na sasa herufi zako zina chembechembe. Goti lipo palepale, limekataa kuhama. Msalimie Dorika.

Nimesoma mara mbili. Umefanya sawa na umeharibu, vyote kwa mpigo. Sina la kukugombeza. Mama yako mkwe, Mungu amrehemu, alimpeleka baba yangu hospitali enzi zile, mzee akiwa hajitambui. Nesi akamuuliza mgonjwa anaitwa nani. Mama akamwacha mzee kwenye benchi, akaja kunitafuta mimi mashineni, nikaenda kulitaja lile jina mbele ya nesi. Nesi alituona wote hatuna akili. Mzee alipona, na alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa. Basi umeingia kwenye nyumba yenye desturi hiyo, na umeitunza kuliko nilivyotarajia kwa msichana wa siku hizi.

Kuhusu hilo la kuitwa tena, tutaona. Palizi haijaisha na vibarua wanataka kusimamiwa. Wifi yako Joyce alikuja kutoka Shelui akaniachia unga na maharage, akaondoka kuwahi watoto wake. Napika mwenyewe. Jana nilijaribu mlenda, haukuvutika hata kidogo. Sijui nilikosea wapi.

Ni mimi,
Baba yako


Kimara
18 Machi 2024

Shikamoo Baba,

Habari za kupalilia na za goti? Mlenda usiweke maji mengi, na magadi ni kidogo tu. Yako kwenye kopo la bluu nyuma ya mlango wa jiko.

Wameniita. Ni tarehe 23 Aprili. Derick amekusanya jumbe zetu zote za simu, amezichapisha, ni furushi. Tumeongeza picha. Lakini nina hakika lile swali litarudi, maana limeandikwa kwenye faili langu. Derick anasema nilitaje tu. Anasema baba hasikii hata ukimpigia ngoma mlangoni, sembuse kutoka Dar. Nilimwambia yeye ni mwanaume, hili hawezi kulijua.

Nimejaribu, Baba. Dorika alitoka nikabaki peke yangu ndani, nikataka kulisema niuzoeze mdomo. Nilihisi kama nimeingia chumbani kwako bila kubisha hodi. Sikuweza.

Najua katika ukoo wetu ipo njia. Baba mwenyewe akitaka kumfungua mkwe mdomo humpa kuku kwa mkono wake mbele ya ndugu, na toka hapo mkwe anaruhusiwa. Naomba unifungue. Nikikosa safari hii, Derick anasema tutaanza upya, na kuanza upya ni miaka. Mimi sina tena nguvu ya miaka.

Mkwe wako,
Agripina


Kimara
2 Aprili 2024

Shikamoo Baba,

Natumaini Pasaka imepita kwa amani. Nilimwuliza Gasto kwa simu kama ulichukua bahasha yangu ya mwezi uliopita, akasema uliichukua siku ileile ukaisomea hapohapo dukani, ukaikunja, ukaondoka bila kununua kitu. Joyce naye anasema huumwi.

Basi sijui niandike nini tena. Kama nimevuka mpaka kukuomba, niambie hivyo, nitanyamaza. Kama hutaki niende, niambie hilo pia. Naogopa kukuandikia hivi, lakini kungoja bila neno kunanichosha kuliko ubalozi. Kule angalau wana namba, ukiitwa unajua ni zamu yako.

Derick amepunguza kupiga simu. Anasema akisikia sauti yangu ilivyo anakosa la kusema, na kazini wanamtumikisha usiku na mchana kwenye ghala la baridi. Tumekuwa watu wa kuulizana tu kama karatasi zimekamilika. Juzi nilisahau kumwambia nimem-miss, nikamwambia asisahau kuweka sahihi.

Nakuombea afya.

Mkwe wako,
Agripina


Kiomboi
5 Aprili 2024

Mwanangu Agripina,

Marahaba. Nimeshikwa na aibu, na aibu ikizidi mtu huandika haraka, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Sikuwa mgonjwa wala sikuwa na kazi. Palizi iliisha zamani. Nilikuwa sitaki. Nilikaa na barua yako nikawaza hivi: akilitaja, anaenda. Asipolitaja, watamnyima, atarudi, na ule mlenda utavutika tena. Wazo hilo likaninogea. Nikalala nalo, nikaamka nalo, nikaenda nalo kanisani. Mchungaji Benson alihubiri jambo lingine kabisa lakini mimi nilijisikia nasemwa.

Hebu niseme jambo ambalo tungekuwa uso kwa uso nisingelisema. Tangu mama yako mkwe afariki na Derick aondoke, wewe umekuwa unaniwekea chakula kwenye kigoda, unapiga goti, unageuka, unaondoka. Hatujawahi kukaa tukaongea. Lakini nilikuwa nasikia. Masikio haya hayasikii redio, ila nilikuwa najua ukiwa jikoni na ukiwa hupo. Tangu Februari hupo, na nyumba imekuwa kubwa bila sababu. Mtaani kila mtu ananiita kwa jina, mpaka watoto wa Gasto. Ni wewe tu uliyebaki unalinyamazia. Mzee hujisikia mzee wa heshima kwa sababu ndogo kama hizo.

Sasa nimemaliza kujihurumia. Panda basi uje. Jumapili ya tarehe 14 baada ya ibada nitamwita mdogo wangu Chediel na Joyce. Kuku ninaye, tetea mwekundu, yule anayekuparuaga. Nauli nimempa Gasto akutumie.

Baba yako


Kimara
24 Aprili 2024

Shikamoo Baba,

Natumaini uko salama, na yule tetea hajakuparua na wewe. Nilitaka kuandika jana lakini nilipotoka kule nililala na viatu.

Nianze na Jumapili ile, maana niliondoka Jumatatu alfajiri bila kushukuru kama inavyotakiwa. Ulipomshika kuku na kuninyooshea, ukasema mbele ya baba mdogo Chediel na wifi Joyce kwamba umenifungua mdomo, nilipokea kwa mikono miwili. Kisha mkanisubiri nilitaje. Mliona wenyewe. Nilifungua mdomo na hakikutoka kitu, Joyce akaanza kucheka na mimi nikaanza kulia. Ukasema, "Mwacheni. Atalitaja hukohuko linakohitajika." Nilikushukuru moyoni kwa hilo kuliko kwa kuku.

Jana afisa alikuwa mwingine, dada wa umri wangu. Alisoma faili ukurasa kwa ukurasa. Alipitia jumbe akatabasamu kidogo, sijui alikuta nini, Derick huandika upuuzi. Kisha akafika kwenye picha, na juu kabisa nilikuwa nimeweka ile aliyopiga baba mdogo kwa simu yake: wewe umeshika kuku, mimi nimepiga goti, Joyce kichwa kimekatwa. Akauliza, "Huyu ni nani, na kwa nini anakupa kuku?"

Nikamweleza yote. Desturi, jinsi nilivyonyamaza mara ya kwanza, barua zangu kwako, jinsi ulivyonifungua mdomo. Mama wa kutafsiri naye akaongezea, akasema kwao pia bibi yake alikuwa hivyo. Yule dada akaangalia kwenye kompyuta, nadhani alikuwa anasoma aliyoandika mwenzake. Akaniuliza, "Kwa hiyo leo unaweza kulitaja?"

Nikasema, "Naweza."

Nikajiweka sawa. Nilikuwa tayari kabisa, Baba, jina lilikuwa mdomoni. Nikangoja aniulize. Akagongagonga kompyuta, akasema pasipoti yangu itabaki kwao, nitaitwa kuja kuichukua ikiwa na viza. Akamwita mtu wa zamu inayofuata.

Nilisimama pale nje kwenye jua nisijue nifurahi au nifanye nini. Tumesumbuka kiasi hiki, na hakuuliza. Derick nilipompigia alilia, mimi nikabaki namwuliza kama kule nitahitaji sweta. Nadhani furaha itakuja nikishapumzika.

Nitakuja kuaga.

Mkwe wako,
Agripina


Kiomboi
19 Mei 2024

Mwanangu Agripina,

Umeondoka jana na basi la asubuhi na leo ninakuandikia. Naona nimepata ugonjwa wa barua uzeeni. Gasto ameahidi itafika kwa Dorika kabla hujapanda ndege Ijumaa, na safari hii nimemwambia asiiweke kwenye sukari.

Siku mbili ulizokuwa hapa hatukusema lolote. Ulifua, ukafagia, ukanipangia mboga kavu kwenye mikebe na kuandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito, magadi, mlenda, kunde, kama vile mimi ni mgeni jikoni. Na kweli ni mgeni. Nilikuona ukitafuta cha kusema mlangoni, na mimi nilikuwa natafuta pia, basi likapiga honi. Ndiyo maana ninaandika.

Alizeti imekauka vizuri, wiki ijayo tunavuna. Joyce anataka nihamie Shelui. Nimekataa. Malori ya kule yanapita usiku kucha, na mimi pamoja na uziwi wangu nayasikia kwenye mbavu. Nitakaa hapa. Chediel atakuwa anakula kwangu jioni, anasema ni kunisindikiza, lakini nadhani mkewe amemchoka.

Yule tetea ametaga kwenye chumba chako, chini ya kitanda. Sijamfukuza. Chediel anasema kwa kuwa jina halikutajwa, kuku anarudi kwangu kwa sheria. Nimemwambia sheria hiyo ameitunga jana. Kuku ni wako, ruhusa nayo ni yako. Niliyokupa sikukupa kwa ajili ya yule dada wa kioo. Nenda nayo.

Kule mliko mtapata watoto, Mungu akipenda. Watakua wakiongea kupitia puani kama watu wa huko. Siku moja mmoja wao atakuuliza babu yake wa Kiomboi alikuwa anaitwa nani. Derick atakuwa kazini kwenye lile ghala lake, kama kawaida. Siku hiyo mtajie jina langu, taratibu, ulirudie mpaka alishike. Usipige goti, utamtisha mtoto.

Mpaka siku hiyo, ukiniandikia, andika Baba. Nimezoea.

Safari njema. Vaa sweta.

Baba yako