Nguzo Zangu Zimeota Majani

Alhamisi, Vulamba. Mvua ilianza alfajiri ikakatika saa nne, na sasa kilima chote kinatoa mvuke. Mgongo unaniuma, viganja vimejaa malengelenge, na moyo wangu una furaha ambayo juzi nisingeithubutu. Naandika jua likiwa bado juu, maana nikingoja jioni nitasinzia na simu mkononi.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza, sisi ni watu wa Kipese. Vita ilipotukaribia tuliondoka na watoto, ng'ombe wawili na mtamba mmoja. Wenzetu walibeba magodoro. Mimi nilipakia marola mawili ya waya wa miiba juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Mke wangu Kavira aliacha sufuria yake kubwa ili waya upate nafasi, na hadi leo, akipika maharagwe kwa awamu mbili, ananitazama tu bila kusema neno.

Nina sababu zangu. Kule Kipese ua wangu ulikuwa na nguzo za mikalitusi, nzuri, kavu, zimenyooka. Kila kundi lenye bunduki lililopita lilizing'oa likapikia. Hawakuuliza ni za nani, na waliofuata hawakuwa na adabu kuliko waliotangulia. Nilijenga ua ule mara tatu. Mara ya tatu nilikaa juu ya kisiki nikaapa kwamba ua wangu mwingine hautawaka moto.

Huku tulipokelewa na Mama Furaha. Ni mjane, anauza mafuta ya mawese sokoni, na tunasali naye katika shirika moja la parokia. Alituonyesha kilima hiki alichoachiwa na marehemu mume wake, akasema ng'ombe walishe hapa mpaka siku tutakayorudi kwetu. Hakudai hata yule mbuzi ambaye mgeni hutoa kwa heshima akipewa ardhi. Alikuwa na sharti moja tu: ng'ombe wasiguse maharagwe ya majirani. Huku kila kipande cha ardhi kimelimwa, na aliyekimbia vita hana haki ya kugombana na mtu.

Basi nikajenga, na ujenzi huo nitausimulia bila aibu kwa sababu najivunia.

Nilichagua mtini wa porini, ule wenye utomvu mweupe. Nilikata matawi manene kama kifundo cha mkono, marefu kufika kifuani na dhiraa moja zaidi ya kufukia. Kichwa nilikikata mshazari ili maji ya mvua yateremke yasiozeshe. Nikayalaza kivulini siku nne utomvu ukauke. Kisha hatua mbili, shimo, hatua mbili, shimo, mpaka nikazunguka kilima. Waya nilivuta mistari mitatu. Sikupiga msumari hata mmoja. Niliufunga kwa vipande vya mpira wa tairi kuukuu, kwa sababu mti hai hunenepa, na msumari unaujeruhi mti na kula waya wenyewe kwa kutu. Kwenye pembe niliweka nguzo nene zaidi na kuzipa mihimili, kwa kuwa pembe ikilegea ua wote unalala.

Wiki ya tano nguzo zikatoa majani. Madogo, ya kijani kibichi, yanang'aa. Nilimwita Kavira atoke jikoni aje aone, naye akaja na mwiko mkononi, akaona, akacheka. Nilijiambia nimewashinda wote wenye bunduki. Nani atapikia mti mbichi?

Nilikuwa nimemponza Mama Furaha.

Kila mtu wa milima hii anajua sheria hii, hata kama haikuandikwa popote. Mgeni akipewa ardhi, hupanda maharagwe, viazi, vitunguu, vitu vya kuvuna na kuondoka. Hapandi mti. Mti unakaa, na aliyeupanda anaweza siku moja kusimama mbele ya wakubwa akasema hapa ni pangu, ushahidi ndio huu. Nilijua hivyo tangu utotoni. Lakini akilini mwangu sikuwa nimepanda miti, nilikuwa nimejenga ua. Ndiyo akili ya mtu aliyezoea kuwa mwenye shamba.

Kambale, mdogo wa marehemu, alipita Jumapili baada ya misa akaona majani. Mtu huyu amekitolea macho kilima hiki tangu kaka yake azikwe. Jioni ile ile alikuwa ameshawaambia ndugu zake kwamba mjane ameuza ardhi ya ukoo kwa mkimbizi, na kwamba miti ya mkimbizi tayari imeota. Mwanamke aliyeuza, alisema, amejitoa mwenyewe katika ukoo. Ardhi irudi kwa wanaume wa ukoo. Mama Furaha ana watoto wanne, na zaidi ya kibanda cha mafuta sokoni wana kilima hiki tu. Mkutano wa familia ukapangwa Alhamisi, yaani leo.

Alikuja kunieleza Jumanne. Alikataa kiti. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonikata maini. Alieleza tu jinsi mambo yalivyo, akaaga, akashuka kilima na kapu lake.

Sikupata hamu ya kula. Jana asubuhi nilichukua jembe nikaanza kung'oa. Nguzo zilikuwa zimeshatoa mizizi myeupe, myembamba kama uzi, na kila niliyoivuta niliona haya kana kwamba nayo inanitazama. Nilikuwa nimefika ya thelathini na moja niliposikia sauti nyuma yangu.

"Nani alikuambia ungole? Ukingola, bale batasema kweli ulikuwa na jambo yako. Hapana kungola tena. Nitapanda mimi mwenyewe, na batu baone."

Mama Furaha, miguu imejaa matope, amefunga kibanda chake siku ya soko. Sikuelewa. Alinieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto mzito wa kuelewa, na kwa kweli nilistahili: mti ni wa aliyeupanda mbele ya mashahidi.

Leo mvua ilipokatika walikuja wote juu kilimani. Kambale na kaka zake wawili, chef wa cellule, yaani mkuu wa mtaa wetu, akina mama wa shirika, na Mama Furaha mbele yao na watoto wake wanne, kila mmoja na jembe. Kambale alitaka kuanza kwa hotuba. Mama Furaha alimwomba chef ruhusa ya mgeni kusema kwanza, na macho yote yakanigeukia.

Ua huu ndio kitu pekee nilichofanya vizuri tangu tukimbie. Kila mtu aliyepita nilimwambia ni wangu, hata wasiouliza. Nikavua kofia.

"Waya ni yangu," nikasema. "Miti ni ya Mama Furaha na batoto bake. Siku nitarudia kwetu nitakunja waya, miti itabakia."

Chef akaniambia nirudie, nikarudia. Mara ya pili haikuniuma kama ya kwanza.

Mama Furaha hakungoja watu wajadili. Alikwenda kwenye nguzo ya pembe ya juu, pale ardhi yao inapopakana na ya Kambale, akaitikisa, akaing'oa kwa mikono yake, akaiinua watu waione. Kisha akairudisha shimoni. Ilikuwa nene, ikamwegemea begani.

"Shemeji," alimwambia Kambale kwa sauti ya kawaida kabisa, "nishikilieko huu muti. Mwenye alikuwa ananishikilia hayiko tena."

Kambale alimtazama chef, akawatazama akina mama wa shirika, na hao walikuwa wanamtazama yeye. Mwanaume gani atakataa kumshikia mti mjane wa kaka yake mbele ya parokia nzima? Aliushika. Mama Furaha akaujaza udongo, akaushindilia kwa kisigino, akasema asante shemeji. Chef akatamka kwamba ameona nani amepanda na nani ameshika. Pembe nyingine tatu walipanda watoto, na mdogo wao wa kike alishindilia kwa kurukaruka.

Zile thelathini na moja tulizirudisha wote. Kambale hakukaa mpaka mwisho, lakini hakusema tena habari ya kuuza. Nafikiri nguzo kadhaa zitakufa, mizizi iliumia. Nitakata nyingine, na Mama Furaha atazichomeka mwenyewe. Walipoondoka aliniuliza kama maziwa ya jioni yapo, maana watoto wake wana njaa. Nilitamani kumpa ng'ombe mzima.

Nashukuru. Nashukuru kwa mvua iliyolainisha udongo leo asubuhi. Nashukuru kwa Kavira, ambaye siku zote hizi angeweza kunikumbusha sufuria na hakunikumbusha. Nashukuru zaidi kwa mwanamke ambaye karibu nimpotezee kila kitu, naye akafunga kibanda chake kuja kunizuia nisijiadhibu.

Lakini kuna jambo moja halijanitoka tangu nilipovua kofia.

Kule Kipese tulikuwa na mtu, Kakule, aliyekimbilia kwetu kabla vita haijatufikia sisi. Nilimpa kipande cha kulima maharagwe. Siku moja nilikuta amepanda migomba mitatu nyuma ya nyumba yake. Sikumwita chef, sikumuuliza kitu. Niliikata kwa panga mbele ya watoto wake, nikamwambia mgeni hapandi kinachokaa. Alisema ndiyo Papa, akaokota majani akawapelekea mbuzi. Nilirudi nyumbani nikala chakula changu vizuri.

Ningeweza kumwambia mke wangu aje aipande yeye. Kazi ya dakika kumi.

Sijui Kakule yuko wapi sasa. Wanasema watu wengi wa upande wetu wako kwenye madarasa ya shule kule chini, wengine wamefika Beni. Kesho nikishakamua nitashuka mpaka shuleni, nianze kumuulizia mlango kwa mlango.