Shavu Halikosei

Dada yangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute umeketi, ingawa najua huketi. Goti linaendeleaje? Shemeji ameniambia bado unapanda ngazi mbio kama msichana, kisha jioni unalalamika. Wasalimu watoto wote. Mimi afya ninayo, nakula vizuri, usingizi ndio umepungua. Nimeshika kalamu badala ya kukupigia simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami nikikatizwa sitamaliza.

Unajua nimefundisha ufinyanzi katika shule hii miaka kumi na tisa. Vikombe, vibakuli, vyungu visivyovuja, ndiyo kazi yangu. Muhula huu mwalimu mkuu akaniletea msaidizi, binti mmoja wa kuchekacheka, na siku ya kwanza tu akawaambia watoto wafinyange kitu wanachotamani kula. Dada, darasa lilichemka! Wakafinyanga mikate, samaki, mahindi, mayai ya kukaanga, keki za ghorofa tatu. Mtoto ambaye kila wiki tumbo lilimuuma kipindi changu kikifika, sasa anawahi kabla ya kengele. Wiki ya pili walishampa jina, Mwalimu Keki. Mimi miaka kumi na tisa sijapewa hata jina la kunisengenya.

Nilijituliza kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Wapi! Unakumbuka tulivyokuwa wadogo, nikipima kipande chako cha mkate na changu kwa uzi wa cherehani ya mama, nawe ukaniita Kijicho? Basi yule Kijicho hakwenda mbali. Binti alipomshika mtoto mkono kumwonyesha namna ya kuchora magamba ya samaki kwa ncha ya kijiko, mimi nilichukua ufagio nikafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Mwalimu mkuu akapita, akasema hajawahi kuona meza zile zimechangamka hivyo. Akaamua vyakula vile viwekwe ukumbini siku ya wazazi, na Mwalimu Keki ndiye aseme na wazazi. Nilipiga makofi na wenzangu. Roho iliniuma hadi mate yakawa machungu.

Sasa nikueleze jambo la kazi yetu. Udongo ukiingia kwenye tanuri na unyevu ndani yake, hupasuka. Kwa macho hujui, maana juu huwa umekauka kabisa. Ndiyo sababu huwa tunaugusisha shavuni. Ukisikia ubaridi, bado. Watoto wangu wote wanalijua hilo, lakini yule binti hakulijua, kwa kuwa alikotoka walitumia udongo usiochomwa. Mwenye tanuri ni mimi. Siku mbili kabla ya wazazi kuja, akaniuliza kwa heshima zote, akiniita mama, kama vimekauka. Nikamjibu vimekauka.

Tulipofungua tanuri tulikuta vigae. Samaki hana kichwa, keki imekuwa kokoto, na mikate ndiyo iliyopasua majirani zake. Watoto walilia, wengine hawakulia ila walisimama tu wakiangalia. Siku ya wazazi meza zilikuwa tupu, na yule binti akasimama mbele ya watu akasema kosa ni lake, aliwaacha watoto wafinyange vitu vinene mno. Hakunitaja. Mwalimu mkuu akamwambia atafikiria mwisho wa mwezi kama abaki. Nikamtengenezea chai, nikampa pole. Na nisikufiche, dada, ile chai yangu niliinywa kwa raha.

Hapa ndipo nilipokuwa nakwepa tangu mstari wa kwanza. Sikukosea. Nilijua. Asubuhi ile ya kuchoma, binti mdogo wa fundi viatu, mtoto asiyesema mara mbili kwa siku, alinijia amekumbatia mkate wake. Akaninong'oneza kwamba bado una baridi. Niliuchukua nikauweka shavuni, nao ulikuwa baridi kama sakafu. Nikamwambia ni ubaridi wa asubuhi tu, anyamaze, kisha nikauingiza kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilidhani litapita. Jumatatu tulianza upya, na vya kwanza vilipokauka niliwaambia watoto wapime. Kila mmoja akaweka chake shavuni. Yule mtoto akampa jirani yake mkate wake ampimie. Nilipomuuliza kwa nini, akasema shavu lake huwa linakosea.

Dada, shavu lile halijawahi kukosea. Nimelala na maneno hayo siku tatu. Kesho asubuhi nitakwenda kwanza kwa mwalimu mkuu, kisha nitasimama mbele ya darasa, Mwalimu Keki akiwepo, nimwambie mtoto yule kwamba yeye alisema kweli na mimi nilidanganya, na nimweleze kwa nini. Nikifukuzwa, nimefukuzwa. Ninaogopa zaidi kwamba hataniamini.

Usinitetee kwa shemeji, wala usiniandikie kwamba kila binadamu ana wivu. Niombee tu ulimi usinikwame. Goti lipakwe dawa, ngazi ziache. Mkumbatie kila mtoto kwa niaba yangu, na yule anayesema kidogo kuliko wote, siku akikuambia jambo, msikilize.

Ni mimi mdogo wako,
Kijicho