Dawa Iliyotetemesha Mikono

Chebet mjukuu wangu,

Chamgei? Huku Sotik tuko wazima, na ng'ombe wetu amezaa. Unauliza kwa nini dawa ya pumu inakutetemesha mikono.

Miaka ya tisini, mama yako akiwa mdogo, pumu ilimbana sokoni Chepilat. Kwenye zahanati wakampa dawa. Kifua kikafunguka, lakini mikono ikatetemeka na moyo ukaenda mbio.

"Mmempa sumu!" nikapiga kelele.

"Hapana, mama," muuguzi akasema. "Dawa ni kama ufunguo. Kufuli zake ziko kifuani, lakini hata mikononi na moyoni kuna kufuli kama hizo. Kutetemeka kutapita."

Sikuweza kuketi. Nilizunguka na mama yako uani, nikimsikiliza anavyopumua, mpaka akasema, "Mama, nataka ndizi." Hapo ndipo nilipolia.

Mwambie daktari, lakini usiiache dawa kwa hofu.

Kogo wako, bibi anayekuombea