Kinyama cha Mama Goreti

Ngagara, Bujumbura

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kigoma, na kile kifua kimetulia. Mimi mwili ni mzima. Milio ya risasi milimani bado tunaisikia, ila ndani tunalala.

Mama, kuna jambo linaninyima raha. Hapa maabara huja Mama Goreti, muuza mboga wa Kanyosha, mwenye uvimbe na vidonda shingoni. Ametibiwa kifua kikuu miezi mingi bila nafuu. Daktari anadhani ni kuvu, ugonjwa wa pande zetu hizi unaofanana sana na kifua kikuu. Lakini dawa ya kuvu huumiza figo, naye hataki kuitoa mpaka kuvu ioteshwe ionekane. Akamkata kinyama kidogo cha shingoni, vipande viwili: kimoja kitiwe fomalini, dawa inayozuia kuoza lakini huua kila kilicho hai, kingine maji ya chumvi tu, kibaki hai.

Siku ile fundi wa maabara hakufika, barabara ilifungwa. Nikabaki mimi karani na vichupa. Milio ikasogea. Nikawaza, kesho nisipofika kile cha maji ya chumvi kitaoza. Nikavitia vyote viwili kwenye fomalini, nikakimbia. Nilijiona mwangalifu.

Fundi aliporudi alishika kichwa. "We Hamisi, umeiua kuvu! Sasa nitaotesha nini?" Kwenye darubini aliona viduara vikubwa kama vya kuvu, lakini rangi ya kuvipaka iliisha zamani, hakuthubutu kusema ndiyo.

Mama Goreti alipoambiwa atakatwa tena, alicheka kwanza. "Tena? Mi ni mbuzi ya Noeli?" Kisha akauliza, "Nani aliharibu?"

Fundi akatazama dirishani. Nikasema ni mimi, niliogopa risasi.

"Hata mi niliziogopa, mutoto wangu. Lakini nilikuja."

Akashusha kitenge, akatoa shingo.

Safari hii kichupa nilimpelekea fundi kwa mkono wangu mwenyewe. Kuvu hii huota polepole, na huenda isiote kabisa. Kila asubuhi nachungulia pale inapooteshwa, sioni kitu. Naye akitoka sokoni hupita mlangoni. Haulizi, ananitazama tu, nami natikisa kichwa.

Nisalimie Mjomba fundi baiskeli, dada Zaituni na wanawe, na Bibi. Nasikia huwa unawaambia majirani mwanao ni daktari. Nakuomba, Mama, waambie ni karani. Na jina la Mama Goreti ulitaje unapomaliza kuswali.

Mwanao anayekukumbuka,
Hamisi