Kidole Kilichosema Ndiyo

Wadi Kabir, Maskati
Ijumaa, baada ya sala

Mume wangu, Baba Nasra,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla sijasema langu, nipe ya huko Tanga. Goti la mama limepoa, au bado analikanda kwa maji ya chumvi bila kumwambia mtu? Jino la Nasra limeshatoka? Alinionyesha kwenye simu likining'inia, nikaogopa atalimeza na chapati. Na huyo mdogo, kikohozi kimekwisha? Mimi ni mzima, nakula vizuri, na pamoja na joto lote la huku, kazini navaa sweta kwa sababu ya kiyoyozi. Usicheke.

Utashangaa kupata barua wakati tumezungumza juzi tu. Lakini simu yangu ikipigwa hapo nyumbani husikilizwa na wote, na hili sikutaka mama alidake nusunusu, presha ikampanda. Mwanaidi wa Pangani, jirani yangu wa chumba cha pili, anarudi likizo, ndiye aliyekuletea bahasha hii pamoja na halwa. Halwa ni ya wote. Barua ni yako peke yako, na usikunje uso kabla hujafika mwisho, maana mwisho wake ni mzuri.

Wiki tatu zilizopita nilikaribia kumuumiza mtu kazini.

Kila nikikueleza kazi yangu huwa unauliza, "Sasa kama kompyuta ndiyo inayoishika meli, wewe unafanya nini?" Ngoja nikueleze tena. Huko Qurayyat kuna bomba kubwa la maji linalopita chini ya bahari, na wapiga mbizi wetu wanalikarabati. Hatuwezi kutia nanga, tutalivunja. Kwa hiyo kompyuta inasoma satelaiti, inapima upepo na mkondo, kisha inaziamuru rafadha zetu, yale mapanga ya chini ya meli, zizunguke huku na huku ili meli isitoke pale ilipo. Mimi nakaa mbele ya skrini kuiangalia. Meli ikihama wakati mtu yuko chini, mpira wake wa hewa unamvuta.

Asubuhi ile kiongozi wa wapiga mbizi aliniomba kwa redio nisogee mita mbili mashariki. Nikaandika ishirini. Mashine ikauliza: una hakika? Nikabonyeza ndiyo.

Baba Nasra, mashine ile huuliza kila kitu. Ukipunguza mwanga wa skrini, una hakika? Ukinyamazisha kengele, una hakika? Kufikia saa nne nilikuwa nimeshajibu ndiyo nisizoweza kuzihesabu. Kidole kilikuwa kimezoea kujibu chenyewe, hakiningoji mimi.

Josphat, mwenzangu wa zamu, Mkenya wa Kisumu, alikuwa dirishani. Akasema, "Mama Nasra, mbona tunaenda?" Hajamaliza, redio ikapiga kelele, "Simamisha! Simamisha!" Nikasimamisha. Rafadha zikanguruma mpaka sakafu ikatetemeka, na meli ikatulia mita chache tu kutoka ilipokuwa. Lakini chini kulikuwa na Rodel, Mfilipino, baba wa watoto watatu. Mpira ulikazika ukamng'oa kwenye bomba kama mtu anavyong'oa muhogo.

Alipopandishwa, nilimwachia Josphat kiti nikashuka. Rodel alikuwa amekaa kwenye ndoo, mzima, anakunywa maji. Nikamwambia, "Mashine haikuharibika. Ni mimi. Niliandika vibaya."

"Nilidhani papa," akasema. "Na spana yangu mpya imezama." Halafu akacheka, akaninyooshea kikombe nimwongezee maji. Kikombe kile ndicho kilichoniliza.

Kazi ikasimamishwa, tukarudi Maskati. Zile siku nilizokuambia meli inapakwa rangi, haikuwa inapakwa rangi. Nilikuwa chumbani nangojea kujua kama nitafukuzwa. Nisamehe. Nilikudanganya kwa sababu sikuwa na nguvu za kusikia sauti yako ikinihurumia.

Mkaguzi wa usalama wa ofisini, Bwana Faris, alikuwa ameshaandika ripoti yake: kosa la mwendeshaji, aondolewe. Mstari mmoja. Tuliitwa, nikakaa na sweta langu mapajani. Nahodha wetu, Khalfan, ni Mwomani ambaye wazee wake walirudi kutoka Unguja, na Kiswahili chake utadhani hajawahi kutoka Malindi, mtaa wao wa huko Unguja. Alimjibu Faris kwa Kiarabu, kisha akanigeuzia mimi maneno yale yale: "Nnamuuliza huyu bwana, tukishakuondoa wewe, huyo atakayekuja kidole chake kitakuwa cha mbao? Sasa bibi we, nani kakosa nshalijua. Nieleze mkono wako ulifanya nini, tangu mwanzo."

Nikaeleza. Nilipofika pale pa "una hakika", Faris akatikisa kichwa: mtu makini angesoma. Nahodha hakubishana. Akamwambia tu, "Wewe ulikuwa afisa wa meli. Njoo kesho tufanye mazoezi."

Kesho yake tukaenda kwenye chumba cha mazoezi, chenye skrini na vitufe kama vya melini. Mwalimu wa hapo akampa Faris kazi ndogondogo kwa saa nzima, sogea hapa, zima kile, na kila moja mashine inauliza. Halafu akamwambia asogee mita tatu, na kwa siri akaigeuza ikawa thelathini kwenye skrini. Mashine ikauliza. Faris, huku akimsimulia Nahodha habari za harusi ya binti yake, akabonyeza ndiyo.

Alipoonyeshwa, akavua kofia, akajikuna. "Wallahi sikuiona."

"Ondokeni hapo," akasema Nahodha, "nikuonyesheni mtu mzima anavyofanya kazi." Akakaa. Mwalimu akamtegea mtego mwingine kabisa. Akanasa. Josphat alitoka nje kucheka, na tulikuwa tunamsikia. Nahodha mwenyewe alicheka mpaka machozi, na Faris naye, na mimi kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Ripoti ilichanwa hapo hapo.

Ndipo wakauliza tufanye nini, na mimi nikakukumbuka wewe. Nikawaambia mume wangu ni muuguzi, na wodini kwao dawa ya sindano husomwa kwa sauti na watu wawili, na yule wa pili husoma kutoka kwenye chupa, si kutoka mdomoni mwa mwenzake. Mwalimu akaniambia nirudie hilo la mwisho, akaliandika. Sasa mashine imepangwa upya. Vitu vidogo haiulizi tena. Wapiga mbizi wakiwa chini, ukiomba kusogea zaidi ya mita mbili inakataa mpaka nahodha aje. Na hata hizo mbili, hakuna ndiyo. Unaiandika namba upya, na mwenzako anaisoma kwenye skrini kwa sauti.

Jumatatu tulirudi Qurayyat. Rodel aliulizwa kama ana neno mimi nikikaa pale. Akasema, "Huyu ndiye ninayemtaka. Wengine bado hawajaogopa." Alipokuwa chini likaja ombi la kusogea. Viganja vililowa mpaka nikavifuta kwenye sweta. Josphat akainama, akasoma, "Mbili nukta sifuri, mashariki." Nikaiandika tena. Meli ikajisogeza taratibu kama mtu anayempisha mgeni mkekani, na kwenye redio tukamsikia Rodel anaimba huku anakaza nati. Anaimba vibaya sana. Sijawahi kusikia kitu kitamu kama kile.

Kwa hiyo bado nipo kazini, tena Nahodha amenipa waendeshaji wapya wawili niwafundishe. Somo la kwanza ninawaeleza kosa langu. Huwa wanaacha kuchezea simu.

Msalimie mama na goti lake. Msalimie shemeji fundi cherehani, umwambie vipimo vya gauni nilivyomtumia avisome mara mbili. Mabusu kwa Nasra na mdogo wake. Mama mzazi wa Nahodha, aliyenilisha pweza wa nazi kwao Mabela, anakusalimu bila kukujua.

Na jambo moja. Miaka yote hii umenieleza mnavyosoma dawa kwa sauti, nami sikuwahi kukuuliza mlianza lini, na baada ya nini. Sasa najua lazima kulikuwa na siku kama hii yangu. Kama ulikuwepo siku hiyo, niandikie. Nitaisoma yote, na sitakuhurumia kwa sauti.

Mkeo akupendaye,
Mama Nasra